Hema kwenye Matuta ya Muthoka

Kasiva hakuwa mjinga, na anayemcheka mbele yangu hatakunywa chai kwangu tena. Tulikuwa majirani hapa Masinga, shamba kwa shamba, na nilikuwepo siku matuta yake yalipochimbwa. Mumewe, Muthoka, aliita mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tukachimba tukiimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mteremko ule ulikuwa ukipoteza udongo kila mvua. Baada ya matuta, maji yalituama na mahindi yakaota. Muthoka alipokufa alimwachia mkewe shamba hilo na watoto, basi.

Kisha mvua ikatutoroka misimu miwili. Mwaka huo, 2004, watu wa Nairobi wakatangaza tamasha la muziki kando ya bwawa letu, mwisho wa Oktoba. Uwanjani hakuna aliyeruhusiwa kulala, kwa hiyo vijana wakawa wanazunguka vijijini wakitafuta mahali pa kupiga hema. Wawili, Mike na Ann, wakafika kwa Kasiva.

"Mama, hapa ni poa sana, mtu anaona dam yote," Mike alisema. "Tunaweza kuja wengi. Lakini gari haitapita hizi matuta."

"Nyinyi mkuje tu," Kasiva akajibu. "Mtapata ni sawa."

Walipoondoka akaja kuazima sululu yangu. Aliponieleza ni ya nini, nilipandwa na hasira.

"Kasiva! Utabomoa matuta ya Muthoka?"

"Muthoka alichimba ya kushika maji. Maji iko wapi? Wageni wakilala hapa, nitanunua mahindi. Niko na watoto wa kulisha."

Nikampa sululu. Mwenye njaa hana miiko. Sisi wengine tulikuwa tunapanda kwenye vumbi, kama desturi yetu, mbegu ingojee mvua. Yeye alikuwa anabomoa matuta na kufukia mitaro. Akafyeka, akasawazisha, hata choo kipya akachimba. Bidii ile iliniuma moyoni.

Ijumaa wageni wakaja kweli, magari kwa magari, na hema za kila rangi zikasimama pale palipokuwa na mahindi. Kasiva alifunga kitambaa chake cha kanisani, akawapelekea chai. Nilimwona akicheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mazishi.

Jioni wingu likafunga upande wa Ndithini. Mvua ikashuka, ile tuliyoiombea katika makanisa yote, nasi tukatoka nje tukipiga vigelegele. Kwa Kasiva hakuna aliyepiga. Maji hayakukuta tuta la kuyazuia. Yaliteremka mbio, yakapita chini ya hema, vijana wakakimbilia magari wakilia kwa baridi.

Kulipokucha walisukuma magari kwenye matope mpaka yakatoka. "Pole mama, hata hatujalala," Ann alisema kupitia dirishani, na hakuna aliyelipa.

Nilimkuta Kasiva amepiga magoti pale lilipokuwa tuta la juu, anazoa tope kwa mikono na kulirundika. Pembeni yake mwamba ulikuwa wazi, umeoshwa safi. Kule chini ukingo wa bwawa ulikuwa mwekundu kwa udongo wake.

"Niite mwethya?" nilimuuliza. "Tuchimbe tena?"

Hakuinua macho.

"Wakuje wachimbe nini?"