Mwaka wa Kwanza Waliouita wa Majaribio

Mashindano ya sataranji ya Tarime yaliitwa ya kimataifa kwa sababu walimu wawili wa Kenya walivuka mpaka wa Sirari kwa bodaboda, wakafika ukumbini wamejaa vumbi na kuuliza choo kiko wapi. Mataifa yenyewe ni hayo: sisi na hao wawili. Nilikuwa nafundisha hisabati Mugumu, na mimi ndiye niliyeandika majina ya wachezaji kumi na mmoja.

Mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa muuza mabati aliyejifunza chesi kwenye simu akaamini amezaliwa nayo. Alivaa suti kwenye joto lile, akagonga kila kete kama anapiga muhuri. Wapambe wake walitikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna hata mmoja wao aliyejua farasi anatembeaje.

Fainali alikutana na mchimbaji wa dhahabu kutoka Kerende, Msukuma mpole aliyefundishwa mchezo huo na padri wa kwao. Alikaa na gambuti zake, akacheza kimya. Katikati ya mchezo akasema, "Mzee, ukisogeza hiyo, malkia wako anaondoka."

"Wewe cheza ya kwako," mwenyekiti akamjibu, akasogeza.

Malkia akaondoka. Muda si mrefu mfalme naye alikuwa kwenye kona, hana pa kukimbilia. Mwenyekiti aliukodolea macho ubao, kisha akatutangazia kwamba mwanga wa dirishani ulikuwa unamuumiza macho.

Mwaka wa pili alileta bango, fulana na sharti jipya: kila mchezaji awe na barua ya mwajiri. Nani angemwandikia barua mtu anayeshinda shimoni akichimba kwa mikono yake? Niliwekwa mlangoni kukagua barua, nimevaa fulana ya bure iliyonibana makwapa. Yule mchimbaji akafika.

"Shikamoo madam. Si wewe uliyeniandika mwaka jana?"

"Marahaba. Ni mimi, lakini utaratibu umebadilika."

Aliniangalia kidogo, akageuka akaondoka. Siku ile mwenyekiti alishinda. Nilimpigia makofi, nikala wali wake, na kwa hilo najidharau si kidogo.

Mwaka huu aliniita niandike historia ya mashindano kwenye kijitabu cha kugawiwa wageni.

"Kiwe kitu cha hadhi, madam," alisema. "Anzia mwaka wa pili. Ule wa kwanza ulikuwa wa majaribio."

Nikaandika kuanzia wa kwanza. Nikaweka wachezaji wote kumi na mmoja, mchimbaji juu kabisa, na sharti la barua na sababu yake. Mwenyekiti alisoma amesimama dukani kwake, kidole juu ya mstari.

"Huyu ni nani?"

"Bingwa wa kwanza."

"Hatumfahamu."

"Alikuonya kuhusu malkia."

Alikunja karatasi akaiweka mfukoni. Kijitabu kilipotoka, historia ilianzia mwaka wa pili, na chini yake waliandika jina langu. Jaladani kulikuwa na picha ya mwenyekiti amejishika kidevu, anatafakari mbele ya ubao ambao mfalme na malkia wamekaa mahali pasipo pao.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi, aliyeusifu mchezo wetu mara tatu kwa jina la drafti, aliomba historia isomwe. Nikasimama na karatasi yangu mwenyewe. Nilipofika kwa mchimbaji, mpambe mmoja akachomoa waya wa kipaza sauti. Sikukihitaji, nimefundisha madarasa ya wanafunzi themanini. Nilisoma mpaka mwisho. Wale Wakenya wawili walicheka wazi, mwenyekiti akaangalia dari, na mgeni rasmi akapiga makofi kwa kuwa alidhani ndiyo ratiba.

Barua ya kuniondoa kwenye kamati ilifika wiki iliyofuata, ina makosa sita ya tahajia. Niliyazungushia kalamu nyekundu, nikairudisha.