Moto Niliomnyima Paskalina

Siku ile sitaisahau, mwanangu, hata nikisahau jina langu. Nilikuwa msichana mdogo kwetu Gendabi, mvua inanyesha, nyumbani nimebaki peke yangu. Paskalina akaja mlangoni na kigae, anaomba kaa la moto.

Paskalina alikuwa ameolewa nchi jirani. Vita vikamkuta huko, askari wakamkamata, wakamfungia kambini miaka miwili, wakamfanya mke wa yeyote anayetaka. Alipotoroka na kurudi kwao, wazee wakamtenga. Zamani kwetu mwanamke aliyesemwa ana unajisi hakupewa moto, hakunywa kwenye kibuyu cha wenzake, wala hakupita shambani kwa mtu, eti mazao yatakauka. Na mimi na kiburi changu nikamwambia, "Kaombe moto kwa waume zako askari."

Hakulia. Alinitazama akasema, "Binti, mimi sikwenda kwao. Nilichukuliwa." Akaondoka na kigae kitupu, mgongo ameunyoosha.

Alilima peke yake, akafuga mbuzi, na aliyemuuliza kwa heshima alimweleza yote bila kuinamisha uso. Mimi sikumuuliza. Niliolewa huku Masieda, nikasema nitakwenda kumwomba radhi baada ya mavuno, kisha nikijifungua, kisha nikasikia amezikwa.

Sasa mwaka huu mjukuu wangu Neema, anayesoma sekondari Mbulu, akapewa kuigiza mwanamke kama huyo kwenye mchezo wa jukwaani. Mama yake, mkwe wangu, akaja juu.

"Mama, watu watasema ni yeye! Nani atamwoa? Namtoa."

"Humtoi kabla hujamwona. Vaa viatu twende."

Ukumbi ulijaa. Neema alipotamka kwamba askari walimfanya mke wao, vijana wa nyuma wakapiga miluzi. Mmoja akapayuka, "Si uliwafuata mwenyewe!"

Mjukuu wangu hakukimbia. Alikuja mpaka ukingoni mwa jukwaa, akasimama, akangoja miluzi iishe, kisha akarudia maneno yale yale, polepole, moja moja. Weee! Nimeona watu hodari, mwanangu, lakini pale niliinuka nikapiga kigelegele wakati hakuna aliyetakiwa kupiga. Mkwe wangu alikuwa analia. Akamgeukia yule mpayukaji: "Nyamaza wewe! Huyo ni binti yangu."

Wiki ijayo wanacheza Katesh, na mama yake ndiye anayempigia pasi gauni la kuigizia.

Basi nisikilize. Aliyetendewa ubaya hana unajisi; unajisi anao aliyemtenda. Usimuulize alivaa nini, wala alifuata nini huko. Mkaribishe, mpe kiti, mwache aseme au anyamaze anavyotaka. Na kama ulishamcheka, nenda leo, kwa miguu au kwa bodaboda, ukamwombe radhi angali anasikia. Usifanye kama mimi niliyengoja mavuno. Nimezeeka na radhi hiyo kifuani, sina wa kumwomba.

Mungu akulainishie ulimi, mwanangu, na akupe ujasiri wa kusimama upande wa aliyeumizwa, hata siku utakayosimama peke yako.