Mishahara ya Kumkomoa Tajiri

Watu wa mtaa ule humsifu Dobi kwamba ana moyo mzuri. Mwenyewe akisikia hucheka kwa pua, maana anajua kilichomo moyoni mwake, na si huruma. Dobi alianza kuwalipa wafanyakazi wake kima cha chini kama sheria inavyotaka, na mtu akiugua kumpa likizo yenye malipo, kwa nia moja tu: kumkomoa mwanamume mwenye duka la kufulia nguo upande wa pili wa barabara.

Mwanamume huyo wafanyakazi humwita Tajiri. Mama huyu Dobi alimpigia pasi tangu mwanawe wa mwisho ananyonya mpaka mtoto akaota ndevu. Mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa sheria, lakini hakujua. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Kisha akaugua mapafu. Daktari akamwambia alale, asiusogelee mvuke wa pasi mpaka apone. Dobi akamtuma shemeji yake, fundi baiskeli, apeleke habari kazini.

Pale kazini palikuwa na mwanamke waliyempa jina la Redio, kwa kuwa kila lililosemwa kwenye meza za pasi lilimfikia Tajiri kabla pasi hazijapoa. Redio akamwambia Tajiri, "Mgonjwa gani huyo? Nimemwona mlangoni kwake anacheka na majirani. Anajifanya."

Tajiri akakata mshahara wa siku zote za kitandani. Na Dobi aliporudi, bado kifua kinambana, akakuta mtu mwingine amesimama kwenye meza yake, ameshika pasi ileile ambayo Dobi aliufunga mpini wake kitambaa kwa mkono wake.

"Nenda ukapumzike vizuri," Tajiri akamwambia. "Si unapenda kulala?"

Dobi akageuka, akatoka. Alikwenda ofisi ya kazi, akakaa kwenye benchi mpaka akaitwa. Afisa akamweleza haki zake zote, akamwambia anaweza kushtaki. Dobi akauliza, "Na mtu mwenye kazi yake ndogo ya chumba kimoja, sheria hii inamhusu?"

"Inamhusu kila anayeajiri, mama."

Akashukuru, akaondoka bila kushtaki. Shemeji yake nusura arushe spana.

"Shemeji, haki yako hiyo! Unaiachaje?"

"Akilipishwa atanuna wiki moja. Mimi nataka anune mpaka azeeke."

Akauza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, akapanga chumba kinachotazamana mlango kwa mlango na duka la Tajiri, akanunua mashine mbili zilizokwisha kutumika. Siku ya kufungua alisimama barabarani akatangaza, kwa sauti ambayo mapafu yake hayakuwa yameizoea, kwamba kwake mshahara ni wa sheria, na mgonjwa analala huku analipwa. Wafanyakazi wa Tajiri wakaanza kuvuka barabara. Kila aliyevuka, Dobi alimpokea kwa chai, wakainywa nje, mahali Tajiri anapoona.

Wa mwisho kuvuka alikuwa Redio. Alikuja ameinamisha kichwa. Kazi ya watu wote ilikuwa imemwangukia, na mshahara haukuongezeka hata kidogo. Shemeji alimkonyeza Dobi amfukuze.

"Namchukua," Dobi akasema. "Bila redio yake, yule atakuwa kiziwi."

Sasa, shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe watu wawili, mnalikung'uta, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana, mnarudi nyuma, mnasogeleana tena. Dobi na Redio ndio waliokunja shuka hizo kila siku. Vidole viligusana, macho hayakugusana. Wenzao wa pasi walisema ukikaa katikati yao unaweza kupata mafua.

Kisha Dobi akampokonya Tajiri mteja wake mkubwa, nyumba ya wageni ya ghorofa tatu. Mwenye nyumba alikuwa mkali. Alisema shuka zikichelewa siku ya kwanza tu, anarudi kwa Tajiri. Na asubuhi ya siku hiyo ya kwanza, mashuka yamejaa mpaka dirishani, Redio aliingia anatetemeka, midomo imekauka. Akashika pembe za shuka la kwanza, zikamponyoka.

Dobi alimtazama. Saa hiyo ndiyo aliyoiota siku nyingi.

"Unaumwa," akauliza, "au unajifanya?"

Redio akaanza kulia bila sauti. "Naweza kufanya kazi, dada. Usinikate mshahara. Nitakaa chini, nitakunja nimekaa."

Maneno yale yalimwingia Dobi kama chai ya moto mtu akiwa na baridi. Akatamani ayasikie tena. Akafikiria kumwacha akunje amekaa, shuka ziishe, mteja abaki. Wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini upande wa pili wa barabara Tajiri alikuwa mlangoni anachokonoa meno, na alikuwa ameona kila kitu.

"Dobi ee!" akapaza sauti. "Leo na sheria yako imeugua?"

Dobi akatupa shuka mezani. Akamshika Redio mkono, akamtoa nje mpaka katikati ya barabara, akasimamisha pikipiki.

"Mpeleke zahanati," akamwambia dereva, akipaza sauti kuliko Tajiri. "Na wewe, usirudi hapa mpaka daktari aseme umepona. Mshahara wako uko palepale, wote!"

Redio akamng'ang'ania mkono. "Dada, nisamehe kwa yale niliyosema."

"Sijakusamehe, hata chembe. Kalale upone. Ukirudi nitaendelea kukuchukia."

Aliyeshika pembe za upande wa pili siku ile alikuwa shemeji, baada ya kusuguliwa grisi kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko.

"Shemeji, unakunja shuka au unakaba mwizi?"

"Hili shuka ndilo linalonikaba mimi!"

Walichelewa. Mwenye nyumba ya wageni alitukana, akashika shuka moja akalinusa, akalitazama mwangani asione doa, akatukana tena, akazichukua. Wiki iliyofuata akaleta nyingine.

Tajiri akabaki na mashine zinazolia na hakuna wa kuzizima. Mwishowe akatundika ubao mlangoni: anatafuta wafanyakazi, mshahara wa sheria, likizo ya ugonjwa yenye malipo. Majirani wakaja kwa Dobi kumpa mkono. Umemnyoosha, wakamwambia, sasa roho yako itulie.

Roho haikutulia. Dobi alisimama mbele ya ubao ule kama mtu aliyeibiwa. Aliporudi, Redio, ambaye alikuwa amepona na amerudi kwenye pembe zake, alithubutu kuuliza, "Sasa itakuwaje, dada? Si tuko sawa na yeye?"

"Sawa na nani?" Dobi akafoka. "Sheria imekataza kulipa chini ya pale. Kulipa juu yake haijakataza mtu. Kuanzia mwezi huu nawaongeza wote."

"Na mimi?"

"Na wewe, mdomo mkubwa. Tena wewe nenda sasa hivi ukamwambie Tajiri."