Ukoko wa Birika

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mchoraji pekee wa kompyuta katika kiwanda kimoja cha plastiki Kitengela. Nilichora kalibu, yaani chuma kinachoipa plastiki ya moto umbo lake, na ndani ya chuma hicho nikapitisha vijia vya maji ya kuipoza. Kalibu ya vifuniko vya ndoo niliionea fahari. Vijia nilivifanya vyembamba na vingi, na kompyuta ikanionyesha buluu kila pembe, kumaanisha joto limetoka sawasawa. Nilijiona mjuzi kweli.

Miezi mitatu baadaye vifuniko vikaanza kutoka vimepinda. Opereta wa mashine, mwanamume mpole wa Bisil, alijitetea kwa meneja: "Hii chuma inakaa na joto. Si mimi." Meneja alidai opereta anafungua kalibu mapema ili amalize zamu haraka. Akaniuliza kama mchoro una kasoro. Nikasema hauna, na siku hiyo niliamini.

Jumapili nikaosha birika nyumbani. Maji yetu ya kisima, kama yale ya kiwandani, ni ya chumvi, na ndani ya birika kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama ganda la yai. Ulipobanduka mkononi, nikakumbuka kalibu yangu. Kompyuta nilikuwa nimeiambia maji ni safi. Vijia vyangu vyembamba vilikuwa vimeziba.

Jumatatu niliingia kazini nimekusudia kusema. Nikakuta opereta amesimamishwa, anasubiri barua ya kufutwa. Nikafyata ulimi. Niliogopa, basi. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti, na waliosubiri nianguke hawakuwa wachache. Jumanne nilifika hadi mlango wa meneja, mkono ukagoma kubisha. Nikajifanya natafuta kalamu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hiki kilikuwa kinamwendea mtu mwingine.

Jumatano nilitia birika mkobani. Nililiweka juu ya meza ya meneja, nikasema yote. Alichungulia ndani, akaamuru kalibu ifunguliwe. Mafundi walisukuma waya kwenye vijia, haukupita. Sikufukuzwa. Meneja hata alinisifu mbele ya wote kwa kusema ukweli, na mimi, mpumbavu, nikaanza kupumua.

Alhamisi opereta alirudi kazini. Alinifuata kwenye kompyuta, akanishika mkono.

"Asante sana, injinia. Kwani ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. Niliogopa hata hilo.

"Jumapili," nikasema.

Hakupandisha sauti. "Jumatatu ndio niliambia mama watoto afunge vitu," akasema. "Jumanne wakarudi kwetu Bisil, yeye na watoto."

Akauachia mkono wangu, akaenda kuwasha mashine.