Koili Iliyogoma Kilolo

Tusajigwe alikuwa fundi wa kusuka upya waya za mota pale Ubaruku, na wenye mashine za kukoboa mpunga walimjua kuliko walivyomjua diwani wao. Mota ikiungua msimu wa mavuno, hakuna aliyeuliza fundi yuko wapi. Inapakiwa kwenye toroli, inapelekwa kwa Mama Lugano, ndivyo walivyomwita. Shule aliishia darasa la saba. Ufundi alipewa na Mzee Muhidini, mtu wa Tanga aliyelowea Mbarali, ambaye vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunyooka tena tangu siku aliposhika kapasita, yaani kikopo kinachotunza umeme, ya mota iliyokwisha kuchomolewa ukutani.

Mwaka juzi aliona kwenye simu video ya mnara mdogo wa waya unaotema radi. Wenzake walistaajabu, yeye akasema, "Mbona huku ni kusuka tu?" Akatafuta bomba la plastiki la maji taka, akalizungushia waya wa shaba, mizunguko elfu moja na mia moja, mmoja baada ya mwingine bila kupandana. Mrija wa shaba wa friji bovu akaupinda kuwa koili nene ya chini. Juu akaweka sufuria mbili za alumini zilizofunikizwa. Kapasita alizitengeneza kwa chupa za soda zilizojazwa maji ya chumvi, na transfoma ya bango la taa aliipata kwa wauza vyuma chakavu wa Mbeya. Miezi mitatu kitu kilinguruma bila kutoa chochote. Mwezi wa nne kikatema cheche ndefu kama mkono wa mtoto.

Mwalimu Obeid, aliyefundisha fizikia katika sekondari moja ya Kilolo, aliikuta koili hiyo alipokwenda Ubaruku kununua mchele. Alichuchumaa mbele yake kwa muda.

"Mama, hiki kitu nimekifundisha miaka tisa. Sijawahi kukiona."

Ndivyo Tusajigwe alivyojikuta Jumamosi moja ya mwezi wa saba, siku ya wazazi, akiandaa maonyesho katika darasa la shule hiyo, madirisha yamezibwa kwa magunia, na nje wazazi wakianza kukaa kwenye mabenchi. Koili ilikuwa imesafiri kwenye pikapu toka Ubaruku, imelazwa juu ya majani ya mpunga. Saa tatu asubuhi aliwasha swichi. Zile bolti mbili zinazotazamana, ambako cheche ya kwanza huruka, zililia kama kawaida. Juu ya sufuria, kimya. Badala yake vijicheche vya zambarau vikawa vinapanda kwenye bomba kama sisimizi.

Alizima. Akachukua fimbo yake ya plastiki yenye ndoano ya waya nchani, akaigusisha kwenye chupa kuumaliza umeme uliobaki. Kisha akapapasa bomba. Lilikuwa na unyevu.

"Ukungu wenu huu," alisema. "Umeingia kwenye waya."

Walileta jiko la mkaa, wakaliweka mbali kidogo, wakaligeuzageuza bomba kwa saa nzima. Vijicheche vikatoweka. Juu, bado kimya.

Mkuu wa shule, Bi Bertha, alichungulia mlangoni. "Mgeni rasmi ameshapita Iringa mjini. Mko tayari?"

"Tayari kabisa, mama," Obeid akajibu haraka. Mlango ulipofungwa, akamgeukia Tusajigwe. "Tuongeze umeme?"

"Ukiongeza umeme kwenye kosa, unapata kosa kubwa."

Alitoka nje kwenda kutazama nondo ya shaba ya ethi, ya kupeleka umeme ardhini, waliyoipigilia asubuhi ile. Ubaruku nondo ile ilizama yote kwenye tope la majaruba ya mpunga. Hapa ilikuwa imegonga mwamba futi moja tu chini, na udongo ulioizunguka ulikuwa mkavu kama unga. Basi ndicho hicho: umeme wa koili haukuwa na pa kukanyaga.

"Tuunge kwenye ethi ya jengo," Obeid alisema. "Waya huu hapa ukutani."

"Hapana. Kompyuta zenu ziko kwenye waya huo huo. Na watu."

Nyuma ya bweni walikuwa wakiezeka choo. Tusajigwe aliomba mabati sita, akayatandaza sakafuni chini ya koili yakikanyagana, akayafunga waya pamoja. Kazi ikaanza upya, maana koili iliyokanyaga mahali pengine hailii sauti ile ile. Ilibidi klipu inayobana waya kwenye mrija wa friji isogezwe mzunguko hadi mzunguko, mpaka koili ya chini ilingane na ya juu. Alisimamisha tyubulaiti isiyo na waya kwenye kiti, hatua nne mbali, iwe kipimo chake. Mzunguko wa tisa, tyubulaiti ikang'aa kidogo ncha moja. Zima, fimbo, sogeza. Wa nane na nusu, ikang'aa hadi katikati. Zima, fimbo, sogeza. Nje walianza kuimba wimbo wa kumpokea mgeni.

Wa nane. Aliwasha. Tyubulaiti ikawaka yote, na juu ya sufuria kitu cheupe kikachomoza kama ulimi. Obeid akapiga kelele za furaha. Papo hapo kukawa na mlio wa kitu kukatika, kisha kimya. Tusajigwe akabonyeza swichi.

"Imekufa!" Obeid alisema. "Ni klipu, imelegea, naiona." Akainama, mkono mbele.

"Usiguse!"

Hakuwahi kumpigia mtu mzima kelele namna ile. Alimvuta kola ya shati kwa nguvu zote, kalamu za mwalimu zikamwagika juu ya mabati. Obeid alimtazama, uso umejaa hasira na aibu.

"Umezima mwenyewe, mama. Nimekuona."

Tusajigwe aliokota fimbo yake. Alimwonyesha waya wa transfoma uliokuwa ukining'inia, umechomoka kwenye kiungo. Waya ule ukiwa mahali pake, umeme wa kwenye chupa hupata njia ya kujimaliza. Sasa haukuwa na njia. Akanyoosha fimbo hadi kwenye chupa.

Mlio wake ulikuwa kama wa gobole. Wimbo wa nje ukakatika. Harufu ya kitu kilichoungua ikajaa darasani, na kwenye ndoano ya waya kulikuwa na shimo jeusi.

Obeid alikaa sakafuni, akaufunika mkono wake kwa mkono mwingine.

"Funga waya ule, mwalimu," Tusajigwe alisema taratibu. "Nitakuangalia."

Saa sita wazazi na wanafunzi walikaa nyuma ya kamba, na koili ikatema cheche ya shubiri tatu kwa nusu dakika. Akina mama walipiga vigelegele, mgeni rasmi akasahau kupiga makofi. Obeid alitakiwa aeleze nadharia. Akasimama mbele ya ubao na kusema, "Kabla ya nadharia, nawaambia jinsi nilivyokaribia kufa leo asubuhi, na ujinga wangu ulikuwa upi." Akaeleza yote, hata kola ya shati.

Baadaye Bi Bertha aliwakaribisha chai ofisini. Akamwomba Tusajigwe awe anakuja kila muhula kufundisha vitendo. Tusajigwe akasema atakuja, ila si msimu wa kukoboa. Aliponyoosha mkono kuchukua kikombe, aliona vidole vyake vyote vimenyooka, akamkumbuka Mzee Muhidini.