Niliacha kozi ya maji nikafuata jina la chuo

Wakuu, habari za muda huu. Hapa siongezi chumvi, naeleza kama yalivyonikuta.

Mimi ni binti wa Kinyangiri, Mkalama. Nipo mwaka wa tatu, uhandisi wa mawasiliano ya simu, chuo kikubwa Dar. Kile ambacho ukikitaja tu hata konda anaanza kukuita injinia.

Ila mimi nilitaka maji.

Nimekua nikibeba ndoo. Kiangazi mama alikuwa anatuamsha alfajiri twende korongoni kufukua mchanga, na maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Nikiwa form two nikajiapiza nitasoma uhandisi wa maji, nije nichimbe kisima pale pale kwetu. Msinicheke.

Form six nikafaulu. Nikachaguliwa vyuo viwili: kidogo, kozi ya maji, kijijini hakuna aliyewahi kukisikia, na hicho kikubwa, kozi ya simu. Unatakiwa ku-confirm kimoja tu.

Kabla sija-confirm, baba akawahi kanisani. Wa kwetu mnajua, mtoto akifaulu anaitwa mbele anaombewa. Mchungaji akataja chuo kikubwa, kanisa zima vigelegele. Tulipofika nyumbani nikamwambia baba nataka kile kingine.

"Ndiyo chuo gani hicho? Watu watasema umefeli."

Jamani, ungekuwa wewe ungefanyaje? Nika-confirm kikubwa.

Wana telecom msinishukie, kozi haina shida na nafaulu vizuri tu. Ila kuna kufaulu na kuna kupenda.

Likizo hii nafika nyumbani nakuta mtambo wa kuchimba kisima umesimama karibu na shule. Injinia msimamizi ni dada, kanizidi miaka michache tu, buti zimejaa tope. Nikamuuliza kasoma wapi.

Akataja kile chuo kidogo.

Wakuu, nikamwomba anitajie tena, nikidhani sijasikia vizuri.

Basi ikawa kila siku nashinda pale. Namuuliza hili na lile, ananielekeza bila kuchoka. Siku maji yalipotoka, mwanzo tope tupu, baadaye yakatakata, mama zetu walicheza hadi kanga zikalowa. Mama yangu akanivuta mkono mpaka kwa yule dada.

"Shikamoo mama," dada akasalimia.

"Marahaba mwanangu. Na huyu wangu naye injinia, yuko chuo kikubwa Dar!"

Dada akanigeukia. "Kumbe! Unasoma maji?"

"Hapana. Simu."

Mama akadakia, "Si yale yale tu!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaenda nyuma ya madarasa nikalia mpaka nikachoka.

Wadogo zangu mnaochagua mwaka huu, anzeni na kozi, jina la chuo lije baadaye. Watu wakishamaliza kukushangilia wanarudi makwao, wewe ndiye unayebaki na hayo masomo.

Sasa nisaidieni. Kuna aliyetoka telecom akaenda kusoma masters ya maji? Inawezekana, au nianze upya kabisa? Semeni ukweli hata kama unauma, msinibembeleze.

Maana jana nimetumwa kisimani. Nimekinga maji meupe kabisa, wenzangu wanafurahi, na mimi nafurahi nao, lakini moyoni natamani mno ningekuwa mimi niliyeyatoa.