Chupa za Osieko Ziliwaka Zote

Siku yangu ya kwanza kazini Daktari alinipea koti nyeupe yenye ilinipita magoti, akaniuliza, "Umesomea wapi?" Nikamwambia, "Kwa simu, mama, kwa video." Akacheka. "Basi osha chupa kwanza." Nikaosha. Kutoka hiyo siku, mtu akimsema Daktari vibaya, tunashikana mashati.

Nyinyi mnaanza maabara leo, sikieni vile tulikuwa tunafanya hapa Busia. Daktari alikuwa anaunda probe ya kutafuta kichocho. Hiyo ni kitu ndogo, macho haiwezi kuona: upande mmoja inashika protini ya mdudu kwa mkojo, upande ingine ni rangi. Ikishika, unamulika taa ya bluu, inawaka kijani. Ikikosa, giza. Tano za kwanza zilitusumbua, mara zinawaka bure, mara zinakataa kabisa.

Ya sita ikakubali. Tukaenda nayo Osieko kwa wavuvi. Sasa huku kwetu huwezi chukua mkojo ya mtu mzima halafu umwambie tu ahsante. Mimi ndio nilisema, "Daktari, tuwape vitamini asubuhi wakijiandikisha." Akakubali. Mchana tukakusanya chupa, tukaweka probe. Zote ziliwaka! Nilipiga nduru.

Amoit, dada wa Malaba mwenye tulikuwa naye meza moja, akaniuliza:

"Boss, ile mkojo ya kulinganisha, yenye haina mdudu, ni ya nani?"

"Yangu. Si huwa ni yangu?"

"Na wewe ulimeza vitamini?"

"Kwani mimi ni mgonjwa?"

"Basi mulika ya mvuvi kabla ya kuweka probe. Kuna vitamini inawaka yenyewe."

Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nikamfokea mbele ya watu: una wivu na Daktari, rudi Malaba ukauze vitunguu! Akavua koti, akaenda. Daktari akaniuliza, "Amoit ako wapi?" Nikasema amechoka na kazi.

Wageni wenye walikuwa wanatusaidia na pesa wakakuja kuona. Mmoja akamulika chupa ya mvuvi yenye haijawekwa probe. Kijani. Daktari alizima taa akasema, "Hii kosa ni yangu. Hakuna mtu kwa timu yangu aliiona." Mimi nikaanza kukusanya chupa. Mradi ikafungwa.

Nimestaafu maabara na sina hata mvi moja. Natengeneza simu mtaa wa Burumba. Juzi nilienda Malaba kumwomba Amoit msamaha.

"Mimi nilishakusamehe," akasema. "Daktari ulimwambia niliiona hiyo kosa?"

Sijamwambia. Nilikuwa naapa naweza kufa juu ya Daktari, na kumpigia simu tu imenishinda.